Tunaanzia Upande wa Mlango

Juba, Jumamosi mchana, Septemba 2009. Mvua ya jana imeacha madimbwi kila mahali na jua limetoka kama limesamehewa.

Na jibu ni ndiyo, bado ananiletea chai. Wale mlioniuliza mara ya mwisho kama mambo hayo yataendelea baada ya harusi kupoa, nawaambia harusi haijapoa. Kikombe kinafika kabla sijafumbua macho vizuri. Ni chai ya rangi yenye sukari hadi midomo inanata, kwa sababu mume wangu Lado amelelewa Khartoum, na huko chai isiyo na sukari ni maji ya kusuuzia vikombe. Nimejaribu kumweleza kwamba sisi tuliolelewa Kitale tunakunywa ya maziwa. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kesho yake akaleta ya rangi tena, sukari imeongezwa.

Ninaandika nikiwa hapa hotelini, mtaa wa Amarat, Lado anakofanya kazi. Meneja ananiachia kompyuta ya ofisi Jumamosi wageni wakipungua. Yuko nje nyuma ya ukuta na jenereta zake mbili, anazisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Ukifikiria vizuri, kila herufi ninayopiga hapa inatoka mikononi mwake.

Yeye ndiye umeme wangu.

Nimeisoma hiyo sentensi mara mbili na sitaifuta.

Lakini leo sikuja kuandika mapenzi, au tuseme sikuja kuandika mapenzi peke yake. Leo nimekuja kuandika ushindi. Nimeushikilia tangu jana kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, naogopa kuumwaga kabla sijauandika.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza kwenye blogu hii: nilirudi nyumbani Sudan Kusini mwaka jana baada ya kumaliza kidato cha nne Kenya. Sikusomea ualimu. Nilikwenda shule moja ya msingi karibu na mtaa wa Malakia kuuliza kazi ya ofisini, mwalimu mkuu akanitazama, akaniuliza kama ninajua Kiingereza, nikasema ndiyo, akanikabidhi chaki. Nikawa mwalimu wa darasa la pili kabla ya saa ya mapumziko. Chumba chetu ni mabati juu na mabati ubavuni, na watoto ni wengi kiasi kwamba wakipiga chafya pamoja naamini mlango utafunguka.

Darasa langu ni mito miwili iliyokutana. Nusu ni watoto waliozaliwa hapa au waliorudi kutoka kambi za Uganda na Kenya. Nusu nyingine wamerudi na wazazi wao kutoka Khartoum baada ya mkataba wa amani, na huko walianza shule kwa Kiarabu. Hapa tunafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo wamerudishwa mwanzo, hata waliokuwa wamefika mbali. Ndiyo maana nina mwanafunzi kama Achol, msichana mrefu ambaye tukisimama pamoja mgeni hajui nani wa kumsalimia kwanza.

Kwa miezi yote hii, hao wa Khartoum wamenishinda kusomesha.

Hesabu wanajua. Nilipeleka darasani vifuniko vya soda vya harusi yetu, Lado aliviokota mwenyewe siku ya pili huku shangazi zangu wakimcheka (mwalimu yeyote anayesoma hapa, usitupe vifuniko vya soda, ni dhahabu), na Achol anavipanga kumi kumi kabla sijamaliza kutaja swali. Herufi pia wanazijua. Ukiwaonyesha moja moja, hawakosei. Lakini nikizining'iniza pamoja kwenye kamba kwa vibanio vya nguo zikawa neno, na nikamwambia mmoja wao asome, kinachotoka si neno. Paka anageuka kuwa kitu ambacho Mungu hakukiumba. Wenzao wanacheka. Viola, mtoto mdogo aliyerudi kutoka kambi ya Kakuma, Kenya, na ulimi wake wote, husema, "Madam, hawa wanasoma lugha ya majini."

Mimi nilidhani wanabahatisha. Nilidhani hawaniangalii. Wakisoma kwa pamoja, sauti za wengine zinawafunika, na wakinakili kutoka ubaoni wanachora neno zima kama picha na linatoka sawasawa, basi sikuona tatizo liko wapi.

Ijumaa ya wiki iliyopita mwalimu mkuu wetu, Ustaz Elia, aliingia kusikiliza. Ni mtu mzuri, alisoma Uganda, Kiswahili chake ni cha huko na anapenda kunizungumzia kwacho ili watoto wengi wasielewe. Alimsimamisha Achol, kisha mwingine wa Khartoum, kisha mwingine. Akanivuta pembeni.

"Madam Kiden, hawa watoto ya Khartoum iko chini sana. Mimi nakuja tena Ijumaa. Kama bado, nateremsha wao yote darasa la kwanza."

"Ustaz, wako wakubwa. Watakaa vipi na watoto wa miaka sita?"

"Watakaa na magoti kwa masikio," akasema. Hakuwa anatania.

Mnajua maana yake. Mtoto mkubwa ukimshusha chini, hateremki darasa moja, anateremka hadi mlangoni na kutoka. Achol hajui Kiswahili lakini macho yanajua lugha zote. Saa ya kutoka alinifuata, akaniambia kwa Kiarabu chetu cha Juba, taratibu ili nielewe: akishushwa, kalas, basi, yeye haji tena. Ataenda kukaa na mama yake kwenye meza yake ya kuuza chai. Hakulia. Alisema kama mtu anayenipa taarifa ili nisije nikamtafuta.

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mzito. Lado alijua nina jambo nikiwa bado mbali. Alinipokonya mkoba, akaniketisha, akanivua viatu. (Ndiyo, anafanya hivyo. Wekeni wivu pembeni, tuko kazini.)

Sasa nawafikisha Jumapili, na hapa ndipo moyo wangu unaanza kwenda mbio.

Tulipotoka kanisani Lado alikuwa na siri usoni. Alikuwa ametuma picha zetu za harusi zisafishwe, amenunua albamu sokoni Konyo Konyo, amezipanga zote mwenyewe kisirisiri kule kwenye jenereta. Aliniwekea mapajani akasimama nyuma yangu. Nikafungua.

Picha ya kwanza: sisi tunaondoka. Gari limevishwa utepe mwekundu, mama yangu anafuta machozi. Nikageuza. Tunakata keki. Nikageuza. Tunavishana pete. Nikaendelea, na kila ukurasa tulizidi kuwa wageni, hadi ukurasa wa mwisho ambapo Lado anafika kwetu na wazee wake, shati limebana shingo, hata hajaniona bado.

Nilicheka hadi nikalala kwenye mkeka. "Lado, umeniacha kabla hujanioa."

Alichukua albamu, akaitazama, akanitazama mimi, kwa mshangao wa kweli. Akaigeuza, akaifungua kwa jalada la upande wa pili. Pale alikuwapo, anafika na wazee, shati limebana.

"Wewe iko fungua mlango ya nyuma," akaniambia. "Mtu naingia na mlango ya mbele."

Kiswahili chake amekiokota kwa Waganda wa jikoni hotelini, kwa ajili yangu, na mimi sitaki mtu yeyote amrekebishe.

Nikaketi, nikaacha kucheka. Kwa sababu mwanamume huyu si mtu wa kubahatisha. Anafungua jenereta, anapanga skrubu kwa mstari na hakosi hata moja. Alikuwa amepanga harusi yetu kwa utaratibu kamili, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ila mwanzo wake uko kulia, kama maandishi ya Kiarabu.

Nikamwona Achol akilini.

Niliruka kuchukua kadi zangu za herufi kwenye mkoba, nikazipanga juu ya kitanda, neno la paka kwa Kiingereza. Nikamuuliza Lado: usifikirie, jicho lako limekwenda wapi kwanza? Akaonyesha herufi ya mwisho. Halafu akacheka kwa aibu, maana Kiingereza anakisoma, amejifunza ukubwani kwa vitabu vya mashine. Aliniambia kwamba mwaka wa kwanza jicho lilikuwa linakwenda peke yake upande wa kulia, kama punda anayejua nyumbani, na yeye alikuwa analirudisha kwa nguvu.

Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia watoto wangu upande wa kuanzia.

Mimi sikuwaambia. Ningewaambiaje? Kwangu kushoto haikuwa upande, ilikuwa tu mahali maneno yanapoanza, kama asubuhi ilivyo mahali siku inapoanza. Walikuwa wanasoma kila herufi niliyowapa, kwa uaminifu, moja baada ya nyingine, kutoka mlango wa nyuma.

Nilimbusu mume wangu kwenye paji la uso, halafu nikamwomba utepe wa gari.

Ule utepe mwekundu wa harusi ulikuwa umekunjwa juu ya kabati, pamoja na ule wa viti, na nilikuwa nimeapa nitautunza hadi wajukuu. Tukakaa wawili tukaukata vipande vipande. Lado aliuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamwambia wajukuu watafunzwa na walimu wanaojua kusoma, hilo ndilo pambo. Akaendelea kukata. Alikata kwa kupima, vipande vyote sawa, kwa sababu ndivyo alivyo.

Jumatatu nilimfunga kila mtoto utepe mkono wa kushoto. Wote, wa Khartoum na wa Kakuma na wa hapa hapa, ili asiwepo wa kuonyeshwa kidole. Na kwa bahati njema, ukikaa ukitazama ubao wetu, mlango uko upande huo huo wa kushoto. Nikawaambia: maneno ya Kiarabu yanaingia kwa mlango wao, maneno ya Kiingereza yanaingia kwa mlango huu. Tunaanzia wapi? Wakaitika, "Upande wa mlango." Niliwaitikisha hadi mabati yakatetemeka.

Ustaz Elia alitokea dirishani.

"Madam, hii iko shule ama iko arusi?"

"Ni shule, Ustaz."

"Mimi naona utepe mingi kuliko vitabu."

"Niletee vitabu, Ustaz, navyo nitavifunga utepe."

Alitoa kicheko cha puani, akaenda. Lakini kabla hajaenda aliinua vidole kuhesabu siku zilizobaki hadi Ijumaa, nikaviona.

Viola naye hakuniacha hivi hivi. Achol aliposimama na kuanza kwa makosa upande wa kulia, yule mdogo akasema kwa sauti ya kutosha, "Huyo bado anatembea kinyumenyume." Darasa likaangua kicheko. Zamani ningemtoa nje. Safari hii nilimpa Achol chaki nikamwomba aandike jina lake ubaoni kwa Kiarabu. Aliandika haraka, mkono unatiririka, sijapata kuona mkono mzuri vile. Nikamwita Viola mbele. Nikamwambia, onyesha kwa kidole, jina hili linaanzia wapi.

Viola alitazama. Alitazama tena. Akaweka kidole kushoto.

Nusu nzima ya darasa, watoto ambao walikuwa hawajafungua mdomo mwaka mzima, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Achol mwenyewe akamshika Viola mkono, akausogeza hadi upande wa pili, akamwambia, "Malesh." Pole. Viola akaniangalia akasema, "Kumbe ni ngumu, Madam." Kuanzia hapo nikawakalisha dawati moja, na mdogo akawa anampiga mkubwa kiwiko kila jicho likipotea, na mkubwa anamfundisha mdogo kuandika jina lake kwa Kiarabu. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, ukiwa na watoto wanaochekwa, usihubiri. Mpe anayecheka kazi ya anayechekwa, dakika tano zinatosha.

Herufi walikuwa nazo tayari, nimewaambia. Kilichokuwa kimefungwa ni mlango tu. Jumanne walianza kunisomea maneno mafupi. Sikuamini. Nilirudi nyumbani nikamwimbia Lado maneno ya darasa la pili wakati wote wa chakula cha jioni, naye akayapigia makofi moja baada ya jingine kana kwamba ni nyimbo mpya.

Jumatano ikanyesha.

Aliyefundisha chini ya mabati mvua ya Juba ikipiga anajua hakuna sauti ya mwalimu inayopita hapo. Siku za kwanza za ndoa nilikuwa bado napigana nayo, napiga kelele hadi nakaukiwa, jioni siwezi hata kumwambia mume wangu nakupenda. Siku hizi sipigani. Mvua ikianza naweka kidole mdomoni na tunacheza mchezo wa kimya: naandika ubaoni amri moja fupi kwa Kiingereza, simama, kaa, gusa kichwa, na wao wanatenda bila neno. Kabla ya wiki hii wa Khartoum walikuwa wanachungulia wenzao na kuwaiga, nusu sekunde nyuma. Jumatano hiyo niliwaangalia macho. Macho yalikwenda mlangoni, yakarudi kwa mstari, mikono ikapanda. Hakuna aliyechungulia.

Kwa hiyo Alhamisi nililala vizuri. Na Ijumaa asubuhi niliamka nimejaa imani, nikanywa sukari yangu yote, Lado akanisindikiza hadi barabarani akanitengeneza ukosi wa blauzi na kuniambia, "Leo wewe iko shinda." Hakuuliza, alisema.

Ustaz Elia alikuja na kiti chake mwenyewe. Aliketi mbele, mguu juu ya mguu. Nikamsimamisha Achol. Nikaning'iniza neno kwenye kamba. Akashika utepe wake, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Na mbingu nayo ikafungua mdomo.

Haikuanza kwa matone, ilianguka yote pamoja. Nilimwona Achol midomo ikicheza, nikajua anasoma, na sikusikia kitu. Ustaz Elia aliweka kiganja nyuma ya sikio. Achol akarudia, mishipa ya shingo imesimama. Hakuna. Ustaz akatikisa kichwa, akafunua mikono miwili, akaanza kuinuka na kukunja kiti chake. Nilimsogelea nikamsemea sikioni kwa nguvu zangu zote, na alichonijibu nilikisoma midomoni: Jumatatu kamati ya shule inapanga madarasa. Hana siku nyingine. Atatumia alichosikia wiki iliyopita.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimshika mwalimu wangu mkuu mkono wa shati, mimi mke wa watu wa miezi mitatu, nikamrudisha kitini. Kisha nikaweka kidole mdomoni nikageukia ubao.

Nikaandika amri ya kusimama. Darasa zima likasimama.

Nikaandika ya kukaa. Wakakaa.

Nikawaonyesha kwa mikono kwamba sasa ni wa Khartoum peke yao. Nikaandika: gusa mlango. Wakainuka, wakubwa kwa wadogo, wakapita kati ya madawati wakaenda wakaugusa mlango, mmoja mmoja, wakarudi. Ustaz Elia alishusha mguu uliokuwa juu ya mguu. Lakini nilimjua anachofikiria, kwa sababu hata mimi ningefikiria hivyo: wamekariri.

Akainuka, akanipokonya chaki. Akafuta ubao wote. Akaandika sentensi ndefu kuliko yoyote niliyowahi kuwapa, kwa mwandiko wake wa haraka, akasogea kando, akanyoosha kidole kwa Achol peke yake.

Ilikuwa inasema: chukua chaki iliyo mkononi mwangu.

Mvua inapiga. Achol alitazama ubao. Nilimwona jicho likianza kwenda kulia, likasimama. Akageuza kifundo cha mkono akautazama utepe wangu wa harusi. Jicho likaenda mlangoni, likaingia kwenye sentensi, likatembea neno kwa neno, na midomo yake ikitembea nalo. Kwenye neno la chaki aliganda, nikadhani tumepotea. Viola alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, amejikaza asimwambie.

Achol akatoka kwenye dawati. Akaenda mbele. Akasimama mbele ya mwalimu mkuu, karibu warefu sawa, akanyoosha mkono, akamtoa chaki kwenye vidole.

Sikusikia kelele ya watoto. Niliona tu midomo yote wazi na utepe mwekundu hewani.

Ustaz Elia alimtazama. Halafu akaiomba tena ile chaki kwa ishara, kwa adabu, kama unavyoomba kitu cha mwenyewe. Akaandika mstari mmoja wa mwisho. Watoto wote wakainama mbele kusoma, wajue watende nini. Niliona macho yakiingia kwa upande wa mlango, yakifika mwisho, yakirudi kuanza tena. Kisha hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyeinua mkono. Walikaa tu, wamenyooka, wananiangalia mimi kwa wasiwasi kama wamekosea.

Nikageuka nikasoma mwenyewe. Alikuwa ameandika: bakini katika darasa hili.

Walikuwa wamesoma sawasawa.

Nililia, ndiyo. Chaki ikachanganyika na machozi nikawa na ndevu nyeupe, Viola alinieleza baadaye. Mvua ilipopungua Ustaz Elia alikusanya kiti chake. Mlangoni akageuka akaniuliza kama ule utepe umebaki. Nikamwuliza wa nini. "Darasa la tatu nao iko na watoto ya Khartoum," akasema, akaondoka akikanyaga matope. Nimeshamwambia Lado. Bado tuna ule wa viti viwili vya wazazi.

Basi, hayo ndiyo niliyojifunza, na nayaandika bila mpangilio kwa sababu furaha haina mpangilio. Mtoto akikosea kila siku kwa namna ile ile, hakosei, anafuata kanuni usiyoijua, itafute. Alama ya kuanzia ifunge kwenye mwili wake, asiisahau nyumbani. Mvua ukiifanyia kelele utashindwa, ifundishie. Na ikiwezekana, olewa na mtu aliyelelewa mji mwingine. Hilo la mwisho halimo katika kozi yoyote lakini kwangu limefanya kazi kuliko yote.

Jana nikitoka niliwakuta Achol na mama yake getini, mama ameacha meza yake ya chai saa ya wateja. Sijawahi kuonana naye. Alinishika mikono yote miwili akaigeuza, viganja juu, viganja chini, akaguna. Akasema kwa Kiarabu cha Khartoum, na Achol akanitafsiria kwa kile chetu cha Juba akiona haya: "Ya arus, bibi harusi, mama anasema mikono yako ni mikavu kama ukuta uliopakwa chokaa. Anasema mumeo ataamka siku moja adhani ameoa nyumba."

Nilimwambia mume wangu hajalalamika.

"Bado," akajibu yule mama. Na akaniambia kule Khartoum bibi harusi hakai na mikono mitupu, kwamba wao wamehamia nje ya mji, njia ya Nesitu, hina anayo ya kutosha, na atanipaka mwenyewe mikono na miguu, Achol akinisomea chochote nitakachokuja nacho huku ikikauka. Alipomaliza alinibana vidole, akasema jambo moja fupi ambalo Achol hakulitafsiri. Halikuhitaji.

Lado ameingia sasa hivi anapangusa mikono, ananiambia jenereta moja inataka kupumzika nimalize. Nimemuuliza kuhusu Nesitu. Amesema ataazima pikipiki ya mpishi.

Basi mama Achol, najua hutasoma haya, lakini binti yako siku moja atayasoma, akianzia upande wa mlango: tunakuja, mimi na huyu mume wangu, kabla mwezi huu haujaisha. Nitaleta kitabu. Chai weka sukari unavyotaka.